Taarab jukwaani na kwenye shuka jeupe: namna ya kuifaidi na familia na mtaa mzima

Taarab ni maneno. Fidla zipangwe kumi na ganuni ilie itakavyo, mtu wa safu ya nyuma asipoyapata maneno ya mwimbaji amekosa alichokijia. Kwa hiyo kila tunaloeleza hapa, tangu pa kukaa ukumbini hadi urefu wa spika uani, tunalipima kwa swali moja: je, ubeti utasikika?

Tutaanza na safari ya ukumbini na familia, kisha tuje mtaani, pale mnapotaka kuonyesha onyesho lililorekodiwa kwenye shuka kubwa ili majirani wote waone. La pili lina kazi zaidi, na ndilo tutakalokaa nalo sana. Wala kukusanyika mbele ya mashine kusikiliza taarab si jambo geni kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zao zilisikilizwa na watu waliokaa kitako pamoja, wakisimamisha mazungumzo wimbo unapoanza.

Jueni mnakwenda kuona taarab gani

Makosa mengi ya familia huanzia kwenye tiketi. Taarab asilia ya Unguja, ile ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na ya Culture Musical Club, hupigwa na kikundi kikubwa kilichoketi: fidla kadhaa, ganuni, udi, nai (filimbi), akodiani, chelo, besi, dumbaki (ngoma ndogo) na rika (tari ndogo). Watazamaji nao huketi. Taarab ya kisasa, iliyoshika kasi tangu miaka ya 1990, inaongozwa na kinanda cha umeme na gitaa. Sauti ni kubwa, watu husimama kucheza, na mipasho yake haifunikwi sana. Kidumbaki ni kitu kingine tena: fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonga, na sanduku lenye uzi mmoja linalotoa besi. Hicho ni cha kucheza, si cha kukaa na kutafakari.

Mkiwa na mtoto wa miaka sita au bibi asiyeweza kelele, chagueni asilia. Mkiwa na vijana wanaotaka kuchezesha viungo, kidumbaki kitawatosha kuliko kikundi chochote chenye vinanda vitatu.

Siku mbili kabla, tafuteni maneno ya nyimbo mbili tatu ambazo kikundi hicho hupenda kuimba, mzisome nyumbani kwa sauti. Katika nyimbo nyingi za asilia ubeti una mistari mitatu, kila mstari vipande viwili vya mizani nane, na vina vya kati na vya mwisho vinafuatana. Mtoto anayejua kuhesabu mizani kwa vidole atakaa kimya wimbo mzima akivizia kina kirudi. Mfanyieni zoezi kwa ubeti kama huu tuliouunda kwa kazi hii:

Nilipanda karafuu, nikangoja nichambue
Jirani kapanda juu, kataka aichukue
Mwenye shamba ni mkuu, mgeni na atambue

Kwanza ahesabu: ni-li-pa-nda-ka-ra-fu-u, nane. Kisha atafute vina: -uu katikati, -ue mwishoni. Halafu muulizeni karafuu hapa ni nani na jirani ni nani. Wakubwa watacheka, mdogo atasema ni mti tu, na hakuna aliyekosea, kwa sababu fumbo zuri humpa kila mtu kiasi cha umri wake. Ndiyo maana taarab inaweza kusikilizwa na vizazi vitatu kwenye mkeka mmoja.

Ukumbini

Fikeni nusu saa kabla. Kaeni katikati kwa upana, na kwa kina kaeni mbele kidogo ya meza ya mafundi mitambo, maana fundi hurekebisha sauti kwa masikio yake, na wanaokaa karibu naye husikia anachokisikia yeye. Epukeni kona na ukuta. Katika ukumbi wa wazi wenye kuta za mawe, kama Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, sauti hugonga ukuta na kurudi imechelewa, na maneno yanavurugana. Viti vya pale ni ngazi za mawe: chukueni mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nne kwa kila mzee. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari, wakati wa kiangazi, kwa hiyo maji ya kunywa yasisahaulike.

Msiwaweke watoto mbele ya spika. Kanuni inayotumika kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda unapungua kwa nusu. Zikifika 100, salama ni dakika 15 tu. Programu ya kupimia sauti kwenye simu haina usahihi wa kifaa cha fundi, lakini inatosha kukuonya. Ikisoma 95 pale alipokaa mtoto, sogeeni nyuma au mvalisheni vizibo vya masikio vya kufunika.

Onyesho la asilia hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kisichoimbwa. Watu wengi hukitumia kumalizia mazungumzo, na ni hasara, kwani huo ndio wakati bora wa kumfundisha mtoto ala. Mwonyesheni ganuni iliyolazwa mapajani au mezani, yenye nyuzi zaidi ya sabini zilizofungwa tatutatu kwa kila sauti. Mwonyesheni udi wenye mgongo wa mviringo kama nusu ya tikiti, kisha afumbe macho aseme sauti inatoka kwa ala ipi. Waimbaji wakishaanza hamtapata tena nafasi ya kunong'ona.

Kutunza bila kujitia matatani

Kumtunza mwimbaji, yaani kumpelekea pesa akiwa anaimba, ni sehemu ya onyesho, na mgeni akikosea hapa hutazamwa ukumbi mzima.

Vunjeni pesa mapema. Noti za shilingi 1,000 na 2,000 zikunjwe kwa urefu, moja moja, mkononi au kwenye pochi inayofunguka haraka. Kutafuta chenji wakati ubeti umeshapita ni kukosa maana ya kutunza kwenyewe, maana mtu hainuki kwa sababu sauti ni nzuri tu; anainuka kwa mstari uliomgusa.

Ndiyo sababu tunasema: usiinuke kwenye ubeti wa kwanza. Hujajua wimbo unaelekea wapi. Mwimbaji kwa kawaida hurudia mstari, na waitikiaji hupokea kiitikio, kwa hiyo una muda. Subiri wimbo ufichue fumbo lake, kisha inuka, tembea polepole kwa mdundo, noti imeinuliwa kidogo ionekane, umpe mwimbaji kwenye mkono usioshika maikrofoni au uiweke penye chombo kilichotengwa. Usisimame kati yake na waitikiaji, usikanyage nyaya zilizo chini, na ukishatoa teremka kwa upande wa pili ili wanaopanda msigongane.

Na kuna hili ambalo wageni hawaambiwi. Ukiinuka kwenye mstari unaomsuta mwizi wa mabwana, kisha jirani yako mliyekosana amekaa safu ya tatu, umeshamtumia salamu hata kama hukukusudia. Waliokaa watafuata macho yako. Kama huna ugomvi na mtu, tunza kwenye mistari ya sifa, subira na mapenzi. Mtoto akitaka kupeleka noti, aende kwenye wimbo wa namna hiyo na mkubwa amsindikize.

Simu: rekodi wimbo mmoja, shika simu chini ya usawa wa kidevu, zima taa yake. Kwenye shughuli za wanawake peke yao simu ikae mkobani kabisa. Wanaocheza humo wamevua mabaibui wakijua hakuna jicho la nje.

Mtaani: kabla ya kukodi chochote

Peleka barua kwa sheha, au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama mko Bara, wiki moja kabla. Andika mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu mnaowatarajia na jina la mtu wa kuulizwa. Kisha upange haki za kazi yenyewe: kutazama sebuleni na wanao ni jambo moja, kuwakusanyia watu mia moja uani ni jambo jingine. Ombeni idhini ya maandishi kwa kikundi kilichorekodi, na kwa upande wa leseni ulizeni ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar. Mkinunua rekodi kutoka kwa kikundi chenyewe, mara nyingi idhini huombwa hapo hapo na kazi ikawa moja.

Video ya harusi ya upande wa wanawake isionyeshwe hadharani, hata kama mwimbaji ni maarufu na picha ni safi. Mtu mmoja aitazame video yote tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya siku, akiangalia nani ameonekana na amevaaje. Si kazi ya kukimbizwa.

Chagueni usiku usio wa mvua: epukeni masika, Machi hadi Mei, wala msiamini mawingu ya vuli. Mwezi wa Ramadhani taarab hupumzika. Usiku wa sikukuu ndio unaoanza tena kuchangamka. Jua Unguja huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa moja na nusu giza limeshatosha. Hata hivyo anzeni saa mbili na nusu, watu wawe wametoka kuswali Isha. Onyesho litakaloanza wakati wa swala litaanza na nusu ya watu, na waliochelewa watapita mbele ya picha wimbo wote wa kwanza.

Sauti kwanza, picha baadaye

Watu wakipewa fedha kidogo hukimbilia projekta kubwa, kisha wanaunganisha kispika cha mezani. Fanyeni kinyume chake. Kwa watu hadi 120 katika ua wa wazi, kodini spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 12, pamoja na stendi zake na miksa ndogo.

Honi ya spika, yaani lile tundu la juu, iwe juu ya vichwa vya waliokaa: kama mita 1.8 kutoka ardhini. Sababu yake ndiyo hii: sauti nzito ya besi hupinda na kuzunguka watu, lakini sauti nyembamba zinazobeba herufi kama s, t, k na f hutoka kwenye honi na kwenda moja kwa moja, zikikuta kichwa au nguo zinanyonywa. Spika ikiwekwa chini, wa nyuma watasikia ngoma na wasisikie neno. Ni kosa linaloonekana karibu kila mtaa, na watu hulirekebisha kwa kuongeza sauti, ambako kunawaumiza wa mbele tu.

Wekeni spika pembeni mwa shuka, umbali wa mita nne kati yake, zimegeukia ndani kidogo. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti katika uwanja wa wazi hupungua desibeli sita, kwa hiyo ni bora kuwavuta watu karibu kuliko kupandisha kitufe. Ua ukiwa mrefu kupita mita 20, spika za ziada huwekwa katikati kwa sauti ndogo. Lakini hapo pana mtego: sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, na spika iliyo mita 17 mbele ya zile za shuka hufika masikioni mapema kwa milisekunde 50, mnasikia kila neno mara mbili. Miksa iwe na uwezo wa kuchelewesha sauti, milisekunde tatu kwa kila mita. Kama haina, achaneni na spika za ziada.

Tumieni waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye miksa. Bluetooth huchelewesha sauti, pengine kwa sehemu ya tano ya sekunde, na mdomo wa mwimbaji unafunga kabla neno halijafika. Kwenye nyimbo za kuchezea watu wanaweza kuvumilia. Kwenye taarab, ambapo watu hutazama mdomo ili washike fumbo, haivumiliki.

Mkisikia mngurumo wa "mmm" usioisha, chomoeni chaja ya kompyuta. Ukikoma, chanzo ni kwamba kompyuta na spika zinapata umeme kwenye soketi mbili tofauti. Ziunganisheni kwenye ekstensheni moja, au acheni kompyuta iendeshwe na betri hadi mapumziko.

Jaribio la mwisho lifanywe bila muziki. Mtu asimame kwenye maikrofoni asome ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kwa sauti ya kawaida. Mwingine akae kiti cha nyuma kabisa, aandike alichokisikia. Akikosea maneno zaidi ya mawili, punguzeni besi ya eneo la hezi 100 hadi 250 kwa desibeli tatu au nne, ongezeni kidogo eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, msome tena ubeti mwingine. Vikishindikana vyote viwili, inueni stendi. Maikrofoni ya kuitikia iwe daima nyuma ya mstari wa spika. Ikitangulia mbele itapiga mluzi.

Shuka, projekta na umeme

Nunueni bafta nyeupe yenye upana wa mita 1.5, urefu wa mita tatu. Shoneni kifuko cha sentimita tano juu na chini cha kupitisha fito, na mtabaki na kimo cha mita 1.4, kinachotosha picha ya upana wa mita 2.5 bila mshono katikati. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 kutoka ardhini, la sivyo wa nyuma watatazama visogo.

Kuna njia mbili za kuimulika. Ya mbele inahitaji bafta ya tabaka mbili na kitambaa cheusi nyuma yake ili mwanga usipenye. Ya nyuma, projekta inakaa upande wa pili wa shuka la tabaka moja, na kwenye mipangilio yake mnachagua picha igeuzwe. Sisi tunaipenda hii ya pili kwa taarab, kwa sababu watu watainuka kutunza, na kwenye mwanga wa mbele kila anayeinuka anaitia kivuli picha. Hasara yake ni kwamba picha hufifia kiasi, na bafta nyembamba mno huonyesha nukta kali ya taa katikati. Inueni projekta au ishusheni kidogo ili nukta hiyo iangukie nje ya macho ya walioketi.

Projekta yenye lumeni 3,000 za kipimo cha ANSI inatosha gizani. Zile ndogo zinazotangazwa kwa maelfu mengi bila neno ANSI zijaribuni kwanza usiku, msiamini boksi. Nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: kwa mita 2.5, wekeni kama mita 3.75. Hakikisheni nafasi hiyo ipo nyuma ya shuka kabla ya kuamua.

Upepo wa kusi hulifanya shuka kuwa tanga. Fungeni kamba kila sentimita 50 pembeni, si kwenye pembe nne tu, na msitegemee matofali ya chini. Kama kuna ukuta uliopakwa chokaa, utumieni huo: chokaa haing'ai wala haitikisiki. Ukuta wa rangi ya mafuta hauna faida, unarudisha mwanga machoni.

Umeme huhesabiwa hivi: projekta wati 300, spika mbili wati 300 kwa matumizi ya kawaida, kompyuta 65, taa za njiani na chooni 40. Jumla ni kama 700. Jenereta ya kVA 2 itabeba bila kuhema. Ikae mita 15 au zaidi kutoka kwa watu, nyuma ya ukuta, upande upepo unakokwenda, na kamwe isiwe ndani ya chumba, kwani moshi wake huua bila harufu kali. Isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote kwenye rola. Waya uliobaki umekunjwa hupata joto hadi kuyeyuka.

Umeme ukikatika ghafla, projekta ya taa ya zamani huumia kwa sababu feni imesimama taa ikiwa moto. UPS ndogo (betri inayoshika umeme ukikatika) ya VA 650 kwa projekta peke yake inawapa dakika chache za kuwasha jenereta. Spika zisiunganishwe kwenye UPS hiyo.

Video ihifadhiwe kwenye kompyuta na nakala kwenye fleshi. Ichezwe yote mara moja kwenye mashine ile ile itakayotumika, kwa sababu faili linalofunguka kwa jirani linaweza kukataa kwenu. Zimeni arifa, zimeni kulala kwa skrini, msitegemee intaneti.

Usiku wenyewe

Mikeka mbele kwa watoto, mita tatu na nusu kutoka kwenye shuka. Wazee si nyuma kwenye viti vizuri kama ilivyozoeleka, bali katikati, mahali maneno yanapofika safi. Wanawake na wanaume waketi kama mtaa wenu ulivyozoea. Acheni njia ya mita 1.2 katikati, kwa viti vya magurudumu na kwa wanaokwenda kutunza.

Naam, kutunza hata mbele ya shuka. Picha haina mkono wa kupokea, kwa hiyo wekeni sinia chini ya shuka na msimamizi mmoja wa wazi. Tangazeni mapema fedha zinakwenda wapi: mafuta ya jenereta, na sehemu iliyokubaliwa ipelekwe kwa kikundi kilichorekodi. Bila sinia watu watakaa kama wako sinema. Likiwepo, ubeti wa pili tu mtaona mtu ameinuka.

Chapisheni maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa, karatasi moja kwa watu watatu, na acheni taa hafifu pembeni ya kusomea. Chagueni nyimbo za dakika 90 kwa jumla. Anzeni na bashrafu, kisha wimbo wanaoujua wazee, si ule mpya wa vijana, kwa sababu wazee ndio watakaoongoza kiitikio na wadogo watafuata. Baada ya kila wimbo simamisheni dakika tano. Mzee mmoja au mshairi wa mtaani afungue fumbo la ubeti mmoja tu. Akifungua yote anaua wimbo, na anayejua kazi yake ataacha kitu cha kubishaniwa njiani.

Kahawa chungu na kashata zigawiwe kwenye mapumziko. Birika la lita tatu hutoa vikombe 60 vya mililita 50. Urojo ni mtamu lakini humwagika mikekani na kwenye nyaya. Ubaki mlangoni, uliwe kwa kusimama. Jiko la makaa likae mbali na ekstensheni.

Jamaa walioko Muscat, saa moja mbele ya Unguja, au London na Toronto, wanaweza kushiriki. Msijaribu kuwapelekea muziki kupitia simu ya video: programu za kupigiana huchuja kila kisichofanana na mazungumzo, na fidla hukatwakatwa. Kila upande uwe na nakala yake, hesabuni tatu mbili moja kwenye simu, kila mmoja abonyeze kucheza, kisha zimeni maikrofoni. Ziwasheni tena kwenye dakika tano za fumbo, na hapo ndipo shangazi wa Muscat atakapowaambia wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya nani.

Malizeni kabla ya saa tano usiku, kama mlivyoandika kwenye barua ya sheha. Projekta izimwe kwa kitufe na iachwe kwenye umeme hadi feni inyamaze, kama dakika mbili au tatu, ndipo ichomolewe. Jenereta ndiyo ya mwisho, baada ya mtoto wa mwisho kuvuka ua na taa ya chooni kukaguliwa. Fedha za sinia zihesabiwe pale pale na watu wawili, ziandikwe, na sehemu ya kikundi itumwe kesho yake asubuhi pamoja na jina la wimbo uliotunzwa zaidi.